Shayiri Haipewi Pole

Wajina wangu Wambui,

Hapa Waithaka tuko salama, na babako bado anabishana na daktari wake. Mimi napewa pole kila siku kwa ajili ya magoti haya, lakini jana nilipalilia sukuma wiki yangu yote.

Unauliza kama uing'oe ile shayiri uliyopanda huko ughaibuni kabla ya theluji, maana wenzako wameona majani yamekauka wakasema imekufa. Nikiwa msichana huko Mau Narok, tuliamka tukakuta baridi imeichoma shayiri yetu, shamba zima limekauka. Majirani wakaja. "Poleni. Ng'oeni, mpande viazi." Mama hakusema asante. Alisema, "Pole ya nini? Nani amekufa hapa?" Akachimba mche mmoja, akaupasua kwa ukucha pale juu ya mizizi. Ndani palikuwa na kijani chembamba kama uzi. Jembe halikuingia shambani, na ile shayiri ikachipua.

Basi chimba, upasue, utazame mwenyewe. Ukiona kijani, usimwitikie asante yeyote anayekupa pole. Mwambie aende akatafute matanga kwingine.

Ni mimi shosho, nyanya yako, Wambui wa kwanza. Bado sijang'oka.