Tafadhali Usikate Simu

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Salamu zikufikie huko uliko, wewe, wifi na watoto. Natumaini baridi haijawashinda na kifua chako kimetulia. Sisi huku hatujambo, kwa kiasi cha watu waliofiwa. Mama anakula kwa kubembelezwa, na mguu wake siku hizi unamsumbua asubuhi tu. Mimi niko pale pale duka la dawa, nauza dawa za kikohozi na kusikiliza magonjwa ya watu ambao hawakuja kununua kitu.

Najua umenuna. Umeniandikia zaidi ya mara moja ukitaka nikutumie sauti za mdogo wetu Kipaza zilizomo kwenye kompyuta yake, nami nikauchuna. Leo nakujibu. Kaa kitako, maana habari yenyewe ni ndefu na si nzuri.

Ulipoondoka, Kipaza alikuwa bado anajitafuta. Baadaye kazi ya matangazo ilimkubali kweli. Alikuwa akisimamisha godoro mlangoni kuzuia kelele, anajifungia humu chumba cha mbele, anarekodi: duka linafungwa, sabuni imeshuka bei, aliyepoteza mtoto afike mapokezi. Baada ya maziko niliingia duka kubwa la karibu na posta, nikamsikia juu ya majokofu akiwasifia watu mafuta ya kupikia. Niliacha kikapu palepale nikatoka. Wiki chache baadaye wakaweka sauti ya msichana fulani. Nilishusha pumzi, kisha nikajionea haya kwa kushusha pumzi.

Ikabaki kompyuta yake ya kupakata. Tuliiacha mezani kama alivyoiacha, imefunikwa kifuniko chake, waya uko ukutani, na kazi yake ya mwisho imo ndani haijakwisha. Neno la siri la kuifungua alikwenda nalo. Kuizima hakuna aliyethubutu. Wewe ungeizima?

Sasa, kompyuta ile ilikuwa na ugonjwa wa kujiwasha yenyewe hali imefungwa. Nimekuja kujua baadaye kwamba ni kasoro ya aina ile, na watu wengi wanailalamikia. Wakati ule hatukujua. Mama alikuwa amekaa hapa anachambua mchele, mchana kweupe, feni ikaanza kuzunguka ndani na sauti ya Kipaza ikasema, "Wateja wetu wapendwa, msimu huu tume..." Ikakatika. Mimi niliganda mlangoni. Mama aliweka ungo chini akaitika, "Unasemaje, baba?"

Tangu siku hiyo alihamishia kiti chake pale mezani. Siku nyingine ilinyamaza kutwa nzima, siku nyingine ilijiwasha asubuhi na jioni, na kila mara ni sentensi ile ile isiyofika mwisho. Mama alikuwa akiweka kiganja juu ya kifuniko. Kilikuwa na joto, na feni inavuma polepole. Aliniambia mwanawe anapumua, nami sikubisha. Nitakuambia ukweli, Kaka, nilianza kuogopa kuingia chumba hiki, na nilipokuwa kazini nilikuwa na wivu kwamba huenda anaongea nami sipo.

Kisha Mama akaona vumbi litamdhuru. Akafuma kitambaa kizuri cheupe chenye ua katikati, akaifunika kompyuta yote, akazipenyeza kingo zake chini pande zote, kama anavyochomekewa shuka mtoto aliyelala. Nilimsifia. Hata jirani fundi cherehani alimsifia, na unajua yule hasifu kazi ya mtu.

Siku moja nikiwa jikoni nikasikia harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Nilipofika Mama alikuwa amesimama, mikono kichwani. Toka hapo kompyuta haijawaka tena.

Niliipeleka kwa fundi kompyuta wa mtaa wa nyuma, yule mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliifungua mbele yangu, akatoa nyuzi nyeupe kwenye matundu ya hewa, akatazama kitambaa nilichoifungia, akanitazama mimi. "Dada, imekosa hewa," alisema kwa sauti ya chini, ingawa Mama hakuwapo.

Hilo, Kaka, libaki baina yetu sisi wawili mpaka tunaingia kaburini. Mama asijue kamwe kuwa ni kitambaa chake. Mimi nimemwambia ni ubovu wa kampuni, naye anailaani kampuni kwa moyo wake wote, na kampuni haitakufa kwa hilo. Si uongo mtupu vilevile. Kitu kinachojiwasha chenyewe ndani ya kifuniko kimezaliwa kigonjwa.

Fundi alisema aina ile, mahali panapohifadhiwa sauti pameunganishwa na bodi ya ndani yenyewe iliyoungua, hapachomoki. Yeye hawezi, labda wenye kuitengeneza. Namba yao ya huduma iko kwenye kibandiko chini ya kompyuta. Tatizo waranti ilikwisha wiki ile ile tuliyomzika. Ujumbe wao uliingia kwenye simu yake viti vya kukodi vikiwa bado uani: "Ndugu mteja, muda wa kifaa chako umefika mwisho. Ongeza maisha yake leo." Wakati ule niliufuta kwa hasira.

Basi nikawapigia. Nilikuwa stoo ya duka la dawa, nimekaa juu ya maboksi saa ya chakula. Ikaja miziki yao, kisha mtu akasema: "Asante kwa kutupigia. Wahudumu wetu wote wanaongea na wateja wengine. Tafadhali usikate simu. Subiri kidogo, tunakuja."

Alikuwa ni yeye. Alikuwa na mafua kidogo siku aliyorekodi, na kabla ya "tafadhali" alivuta pumzi vile alivyokuwa akivuta. Na ile "subiri kidogo" ni ile ile aliyokuwa akimjibia Mama toka utotoni kila akiitwa kula. Hakuwahi kutuambia kama aliifanya kazi hiyo. Pengine hata hakujua wameipeleka wapi. Nilikaa pale nikalia huku ananishukuru kwa kupiga simu, anarudia, anarudia.

Mhudumu alipopokea nilifuta machozi nikamweleza shida yangu. Nikapigwa danadana. Huyu akanipeleka kwa yule, yule akaniambia waranti imekwisha, wa tatu akasema wanaweza kuweka bodi mpya kwa gharama yangu, ila kila kilichomo kitapotea. Nikaomba watoe sauti tu, kompyuta wabaki nayo. Akasema ombi kama hilo lazima lije kwa mwenye kifaa mwenyewe. Nikamwambia mwenye kifaa amefariki. "Pole sana, dada," akasema, "basi akipata nafasi atupigie." Nadhani alikuwa anasoma mahali. Nilicheka peke yangu stoo mpaka bosi akachungulia.

Nilikosea kitu kimoja, nilimpa Mama simu asikilize. Sasa kila siku baada ya chakula cha mchana anakaa kwenye kiti chake, anapiga, anaweka simu sikioni na kufumba macho. Wateja wengine wanalalamika kampuni haipokei simu. Mama analalamika inapokea mapema. Akisikia mhudumu amesema halo, anakata, anapiga upya.

Jana nilimwambia inatosha, anajiumiza, hakuna anayekuja. Hakunikasirikia. Alifunika simu kwa mkono ili asisikike upande wa pili, akaniambia, "Mwanangu kaniambia nisikate. Kaniambia anakuja. Wewe nani wa kuniambia nikate?"

Nilimsogezea kikombe cha maji, Kaka, nikatoka.

Mhudumu wa mwisho niliyeongea naye alisema mwakani wanafunga laini ya simu, huduma yote itakuwa ya kuandikiana. Bado sijamwambia Mama. Kila mchana nikirudi namkuta na simu sikioni, naona kama nimeficha msiba wa pili mfukoni.

Ningeweza kuirekodi sauti ile nikakutumia, na nilitaka kufanya hivyo. Mama amekataa katakata. Amesema, nami nayaandika kama alivyoyasema, "Kumzika hakuja. Basi ampigie mwenyewe." Usimchukie. Anajua kazi ilikubana, na bado jambo hilo linamuuma.

Msalimie sana wifi, na watoto wote uwabusu, hasa yule wa mwisho aliyerithi masikio ya babu. Shangazi mshonaji na jirani fundi cherehani wanakusalimu. Mama hakutuma salamu, ila aliniuliza kama nimeandika namba vizuri. Mungu akulinde ugenini, akurudishe siku moja tukae wote chumba hiki.

Namba nimeiandika mgongoni mwa karatasi hii. Piga mchana wa huku, uwe peke yako. Kuna mahali atakwambia ubonyeze moja au mbili. Usibonyeze kitu, Kaka, maana ukibonyeza tu watakuunganisha na mtu aliye hai.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Wa Duka la Dawa