Ua la Mama Nimelikuta Tunduma

Shikamoo Dada Neema,

Lile ua ulilonituma nikalitafute, tulipande kaburini kwa Mama, nimelikosa. Bondeni Isansa, alikokuwa akichimba viazi vya ua hilo, nimekuta mashimo matupu. Shangazi kasema, "Siku hizi wanang'oa vyote, wanapeleka Zambia." Mama alikuwa akitoa kiazi kimoja, kingine anakifukia: "Hiki cha mwakani."

Leo hapa Tunduma, mvua inanyesha, nina njaa, muuzaji mmoja kanikatia chikanda, viazi vilevile vilivyotwangwa vikapikwa na karanga. Ladha ya mkono wa Mama kabisa. Nilipokumbuka kuwa ndilo ua nililolifuata, nilikuwa nimeshalamba vidole.

Kaburi limwagilie tu, Dada, hata zikiota nyasi tupu.

Mdogo wako akupendaye,
Tumaini