Mama, Kwa Nini Ulilala Ukitazama Ukuta?

Mpendwa Mama,

Nina swali. Najua hata huko uliko umeguna na kusema, "Huyu naye ameanza." Uliniita Mama Maswali tangu nikiwa mdogo, na ulipochoka kunijibu ulinituma dukani kununua chumvi hata kama chumvi ilikuwepo. Leo huna pa kunituma, kwa hivyo nisikilize.

Mwaka huu nimeugua kizunguzungu. Kilinianzia dukani kwangu mjini, pale ninapouza mapazia. Mteja mmoja kutoka Loresho alitaka kitambaa kilichokuwa rafu ya juu kabisa. Wateja wa mapazia ndivyo walivyo, wanachokipenda hakikosi kuwa juu. Nikainua kichwa kukitafuta na duka zima likazunguka. Nilishika meza kwa mikono miwili huku nikitaka kutapika, naye akaniuliza kama nina mimba. Kwa umri wangu huu! Kikapita upesi, lakini asubuhi iliyofuata nikageuka kitandani upande wa kushoto, kikarudi.

Kila mtu aliniambia ni presha. Nikapimwa, presha haikuwa na neno. Mwishowe nikaelekezwa kwenye kliniki moja ya masikio, pua na koo katikati ya jiji, ambako walikuwa wakitafuta wagonjwa wa kizunguzungu cha aina yangu kwa ajili ya utafiti. Nilitaka kutia sahihi fomu ya kukubali papo hapo. Daktari, msichana mdogo kuliko hata mwanangu wa kwanza, akaizuia kalamu yangu mpaka amalize kunieleza kila kitu. Nikampenda kwa hilo.

Alinikalisha kitandani, akakigeuza kichwa changu kushoto, akanilaza ghafla hadi kichwa kikaning'inia ukingoni. "Usifunge macho, auntie. Nataka kuona vile yanacheza." Yakacheza kweli, hata mimi niliyahisi yakirukaruka. Kisha akanigeuza polepole upande wa pili, akasubiri, akaniinua. Alisema ndani ya sikio kuna chembe ndogo sana zinazotusaidia kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Zikitoka mahali pake huingia kwenye vijifereji vyenye maji, na mtu akigeuka, nazo hutembea, ubongo ukadanganyika kwamba dunia inazunguka. Yeye alikuwa akizirudisha nyumbani kwao. Nilimuuliza maswali hadi muuguzi akachungulia mlangoni.

Halafu ikawa zamu yake kuuliza. Mimi hulala upande gani? Kitanda kiko karibu na ukuta? Wanataka kujua kama upande anaolalia mtu unahusiana na sikio linaloharibika. Jibu lenyewe hawajalipata, na hilo lilinifurahisha: mtu mwenye koti jeupe anayesema hajui.

"Kuna kitu uliacha kufanya kwa sababu unaogopa itakushika?"

Nikamwambia ninaogopa kuanika nguo kwenye kamba ya juu. Ninaogopa saluni, pale wanapokulaza kichwa nyuma kwenye sinki. Ninaogopa kulala upande wa kushoto. Nilipofika hapo nikanyamaza, Mama, nawe unajua mimi hunyamaza mara ngapi. Nilidhani ninajieleza mimi, kumbe nilikuwa nimekueleza wewe.

Pale nyumbani Kinoo nguo za majirani zilipepea kwenye nyaya, zetu zilitandazwa juu ya ua, na blauzi zangu zote zilikuwa na matundu ya miiba. Nilipokuuliza ulinijibu, "Kamba iko mbali." Kamba ilikuwa hapo hapo mlangoni pa jikoni! Asubuhi ya harusi yangu ulikataa katakata kuoshwa nywele saluni, ukajifunga kilemba, na shangazi wakanong'ona kwamba hukumtaka mkwe. Kanisani akina mama walikusifu kwa kutoinua kichwa. Eti mnyenyekevu. Wewe uliyemfukuza naibu wa chifu hadi nje ya lango kwa ajili ya mtaro wa maji!

Na kile kitanda chenu. Kimesukumwa ukutani tangu nipate akili. Baba alilala upande wa nje, karibu na mlango, maana wanaume wa rika lake huamini mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuinuka kwanza mtu akiingia. Wewe ulikuwa upande wa ukuta. Kila nilipokuletea chai ukiwa mgonjwa nilikukuta umelalia mkono wa kulia, uso ukutani.

Hujui alichoniambia Baba baada ya mazishi yako. Wageni walikuwa wameondoka, tukawa tunaosha vikombe. Akasema bila kuniangalia, "Mami, mama yako alinipa mgongo tangu Njoroge azaliwe." Bado ananiita Mami, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. Akaendelea: "Siku hiyo nilikuwa Nakuru kwa kazi. Hakunisamehe."

"Lakini Baba, si mlikuwa mnaongea vizuri?"

"Mchana, ndiyo."

Njoroge, kitinda mimba wako, sasa ana mvi. Hebu fikiria huyo mzee amelala na jambo hilo kwa muda gani.

Nikamuuliza daktari kama ugonjwa huu unaweza kumkaa mtu miaka mingi. Akasema huja na kwenda, na hata ukishaondoka, wengi hubaki wakiuogopa ule upande. Nikamuuliza kama wewe ulikuwa nao. "Auntie, siwezi kupima mtu hayuko. Inaweza kuwa hiyo, inaweza kuwa kitu ingine." Nikatoka pale nimepona kizunguzungu lakini nimebeba maswali mapya. Nimpelekee Baba jambo nisilo na hakika nalo? Na kama si kweli, je? Na kama ni kweli nami nikakaa kimya?

Jumapili nikaenda. Kuongea na baba mzazi kuhusu kitanda chake si mchezo, kwa hivyo nilianza na sikio langu. Alikuwa akimenya nduma. Unajua alivyo, fundi wa mabomba hata baada ya kustaafu. Nilipofika kwenye vijifereji akaacha kisu.

"Ni kama mchanga umekwama kwa kona ya paipu."

"Ni hivyo hivyo, Baba."

"Sikio gani?"

"La kushoto. Nikigeukia kushoto ndiyo inanishika."

Akatazama mikono yake, akaigeuza mmoja baada ya mwingine. "Mama yako alikuwa anaangalia ukuta. Mimi nilikuwa kushoto kwake."

"Daktari amesema hawezi kujua, Baba."

"Sijauliza daktari." Akamenya kidogo, akaacha tena. "Sasa mbona hakusema?"

Hilo ndilo swali langu, Mama. Uliogopa tuseme umerogwa? Ulidhani ni uchovu wa uzazi ambao kila mwanamke anao? Au ulijaribu kusema mara moja, ukaambiwa ni presha, ukachoka? Nimekukasirikia kidogo, nisikufiche. Halafu nakumbuka jinsi ulivyoinuka asubuhi ukishika chaga ya kitanda, ukingoja kwanza, kisha ukatoka kutupikia uji ukiimba, na hasira inaniisha. Ninatamani tu ningekupeleka kwa yule msichana. Ungelalamika, ungemwita mtoto, lakini ungetoka pale ukitazama juu.

Jumapili iliyopita nilirudi kubadilisha mashuka, kama ninavyofanya siku zote. Nikakuta mito yote miwili imehamishiwa upande wa miguuni. Nilisimama pale kama mjinga nikijaribu kuelewa. Ukuta uko palepale. Baba bado analala upande wa mlango. Lakini mtu akilala upande wa ukuta, kichwa kikiwa huku, mkono wake wa kulia ndio unaoelekea kwa mumewe; akiulalia, anamtazama. Ni hilo tu lililohitajika, Mama, kuhamisha mito.

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mbona mito iko huku?"

"Fundi lazima ajaribu aone kama ingefanya kazi."

"Na?"

Alikuwa akiutazama mto wako.

"Ingefanya."

Nikatandika mashuka mapya hivyo hivyo, mito ikabaki alipoiweka.

Lala salama, Mama. Geukia upande unaoutaka.

Ni mimi bintiyo,
Mama Maswali