Mbegu za Kwenye Kopo

Jumapili, Buhembe

Na sikuandika chochote kwenye kopo! Mtafiti mzima wa virusi vya maharage, naacha mbegu zenye ugonjwa jikoni kwa mama, Ijumbi, eti nitazipitia Jumatatu nikienda maabara.

Mama amenipigia simu mchana, furaha tele. Leo kanisani walibariki mbegu za msimu. Zake zilikuwa zimetobolewa na wadudu, akaona aibu, akabeba zangu. Baada ya ibada akina mama wakagawiana kiganja kiganja, kama kila mwaka.

"Zako ndizo zilizogombaniwa, mwanangu. Zinang'aa!"

Zinang'aa, ndiyo. Virusi vimo ndani, havionekani mpaka majani yajikunje, na hapo wadudu wa vidukari wameshavipeleka shamba la jirani.

Nilipaswa kumwambia palepale. Nikauliza tu kama zimebaki.

"Hata moja. Mchungaji naye nimempa. Sasa tunasubiri mvua tu, tupande."

Nikasema asante. Asante!

Kesho asubuhi nitapita nyumba kwa nyumba kuwaomba wazirudishe, mbegu zilizokwisha kuombewa. Nitaanza na mama, halafu...

Mvua imeanza kupiga mabati. Imetokea upande wa Ijumbi.