Mkanda wa Kupandia Ghorofani

Mke wangu wa uzeeni,

Babu yako mzima. Jino limebaki moja na bado natafuna kukushinda. Mjukuu gani wewe, tangu upate kazi ya kupaka rangi maghorofa, salamu hakuna! Mimi kazi hiyo niliifanya mpaka ndege wakawa wananiamkia kutoka chini.

Jana nilikwenda hospitali kumwona kaka yako. Mguu bado umening'inizwa. Wakaingia wale wenzake wa kazini, walewale waliomcheka, "We kichanga, bado unafungwa mbeleko? Vua mkanda!" mpaka akauvua, akaanguka. Unajua walimletea nini mgonjwa? Video! Wanamwonyesha anavyoanguka, huku wanacheka. Nikawatoa kwa bakora.

Sasa mama yako ananiambia unapanda na haohao, na mkanda unauacha nyumbani, eti nawe wanakuita kichanga. Ptuu! Watu wa kuwasikiliza hao?

Ukipata barua hii, funga mkanda. Wakicheka, cheka nao, ila usiufungue. Wakiuliza nani kakufundisha uoga, waambie ni babu yako, yule mwoga aliyezeeka na miguu yake yote miwili.

Mumeo asiye na mpinzani,
Babu