Jiwe Lisilo na Anwani

Jumamosi, Hayes, magharibi mwa London. Manyunyu tangu alfajiri, yale yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Ndege zinashuka kutoka kwenye mawingu moja baada ya nyingine, na kila moja inatikisa kioo cha dirisha langu. Nimekunywa chai tu.

Jana jioni mhariri wa jarida aliniandikia. Amesema makala ya Baba ni nzuri, ataichapisha. Amebakiza swali moja: jiwe liko wapi hasa? Anataka jina la kijiji na shamba lenyewe, maana msomaji lazima aweze kwenda kuhakiki. Anasubiri jibu wikendi hii.

Ni swali la haki. Ningekuwa yeye ningeliuliza.

Baba ni mwalimu wa hisabati. Alitoka Tamil Nadu, kusini mwa India, akiwa kijana, akaja kufundisha Singida, akamwoa Mama, nikazaliwa mimi. Alipostaafu tulikuwa tumehamia hapa London, lakini hakukaa nasi hata mwaka. Alirudi kwao, akanunua baiskeli, na tangu hapo anazunguka vijiji vya wilaya yake akitafuta maandishi ya kale kwenye mawe, pamoja na nyimbo ambazo wanawake bado wanayaimbia mawe hayo. Hakuna anayemlipa. Anabeba ndoo, brashi ngumu, karatasi nene na kifurushi cha kitambaa chenye wino wa masizi. Analiosha jiwe, analibandika karatasi iliyoloweshwa, anaipigapiga kwa brashi mpaka izame ndani ya kila herufi, kisha anaipaka wino juu juu. Herufi zinabaki nyeupe. Ananitumia picha na kunisomea kwa Kiswahili, maana Kitamil changu ni cha kuombea maji tu. Mimi naandika kwa Kiingereza. Ndiyo kazi yetu wawili: yeye juani, mimi kwenye kompyuta.

"Baba yako alinioa mimi, akahamia kwa mawe," Mama husema akifunga viatu vya kwenda zamu hospitalini. Huwa anacheka. Si kila siku.

Jiwe la safari hii ni la shujaa. Mtu alikufa akitetea ng'ombe wa kijiji dhidi ya wezi, na mbwa wake akafa naye. Wote wawili wamechongwa pale, mtu na upinde wake, mbwa mdomo wazi. Kwa Baba ni maandishi ya thamani kubwa. Kwa wanawake wa pale ni mungu wa shamba. Wanalimwagia mafuta na maji ya bizari ya manjano, wanapika wali mbele yake, na ng'ombe akiugua wanakwenda kulilalamikia kama mtu anavyomlalamikia mjomba wake. Mafuta hayo ya vizazi vingi yaliganda yakaziba herufi. Ili Baba azisome, ilibidi ayatoe.

Walimruhusu kwa masharti. Akimaliza, alirudishie jiwe mafuta na manjano kwa mikono yake mwenyewe, asiliache uchi. Na asimwambie mtu liko wapi.

Sharti hilo la pili tulilisababisha sisi. Jiwe la kwanza tuliloliandika lilikuwa la kijiji jirani. Maofisa wa serikali walisoma, wakaja na lori, wakalipeleka makumbusho ya mjini. Nilishangilia! Niliona limeokolewa. Baadaye Baba akanitumia picha yake, safi, kavu, nyuma ya kamba. Wanawake walipanda basi kwenda kuliona, chupa ya mafuta mkobani, na mlinzi akawaambia wasiguse. Sasa Baba akipita kijiji kile hakuna anayemkaribisha hata maji.

Asubuhi nilimpigia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umeshamjibu yule mzungu?"

"Bado. Baba, wale wanawake uliwaahidi."

"Niliahidi sitasema mimi. Anayeandika ni wewe."

"Hiyo hesabu ya wapi?"

"Ya Singida," akasema, akacheka peke yake.

Kisha sauti ikashuka. Jicho la kushoto halisomi tena herufi, na la kulia linafuata. Wasomi wa chuo kikuu cha mjini wanamwita yule mzee wa ndoo. Anataka mara moja tu wamsome kabla hajashindwa kujisoma mwenyewe. "Andika, mama," akasema. Huniita mama anapoomba.

Nikamwambia nitaandika.

Sikumwambia nitaandika nini.

Na mimi pia naitaka makala hii. Jina langu litakuwa chini ya lake. Tangu jana nimeifungua ile barua pepe mara nyingi, na si kwa ajili ya swali. Nairudia kwa ajili ya neno "nzuri". Naona aibu, lakini ndivyo ilivyo.

Nilifikiria kutaja kijiji kingine. Halafu mtu aende, asikute kitu, na Baba aitwe mwongo. Nikatoka nje, nikatembea kando ya mfereji mpaka soksi zikaloa. Niliporudi Mama alikuwa ameamka. Nikamweleza yote.

"Usiniulize mimi," akasema, macho kwenye sufuria. "Mimi ni mke mwenza wa hayo mawe, siwezi kutenda haki."

Nilicheka mpaka nikakaribia kulia.

Kinachonitisha ni kwamba wale wanawake hawajui kama nipo. Sijawahi kufika kwao. Lori likija, watamlaumu Baba, na Baba atasema hakufungua mdomo, na itakuwa kweli. Hakuna atakayeniuliza chochote maisha yangu yote.

Mchana nikamjibu mhariri. Nilimwandikia kwamba jiwe linaabudiwa hadi leo, kwamba wenyewe walituruhusu kwa sharti la kutotaja mahali, kwamba tutataja wilaya tu. Kama haiwezekani, tunaiondoa makala. Niliandika kana kwamba tumekubaliana wawili. Nikatuma, nikafunga kompyuta, nikaifungua tena.

Hajajibu.

Kesho ni Jumapili, na Baba atapiga simu kabla Mama hajaenda kanisani. Ningeweza kumwambia kwamba mhariri ndiye aliyekataa. Angeamini, angemtukana kidogo kwa Kitamil, kisha angepanda baiskeli kwenda kutafuta jiwe jingine. Lakini nitamwambia ni mimi. Halafu nitabaki kwenye simu mpaka amalize kunyamaza.