Kura ya Koko Mwamvita

Mpendwa Mama Régina, nisaidie kabla siku ya kura haijafika, ju usingizi umenikimbia na nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni binti wa miaka kumi na tisa, niko hapa Kabambare, naishi na Koko Mwamvita, mama wa mama yangu, ambaye macho yake yamefunga kabisa, na sheria inamuruhusu kuingia na mutu wake mbele ya mashini ya kupigia kura, na amenichagua mimi, nimufinyie picha ya Ibrahim, yule muuza chumvi wa sokoni, naye ni kandidati, na shida iko hapo, ju moyo wangu wote uko kwa Nathanaël, kandidati wa televizyo. Kila jioni tunajaa kwa Blaise mwenye parabole, ile sahani ya kukamata televizyo, wakati huu wa kampeni tunaingia bure, tunamuona Nathanaël anatembea juu ya lami na viatu vyeupe, vijana wanaimba nyuma yake, anasema Kabambare itapata umeme na barabara, na sisi vijana tumeshakubaliana ni yeye. Nikamupeleka Koko ili abadilike, akakaa mbele, akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwa sauti, watu wote wakacheka: «Malaika, huyu baba iko wapi? Nasikia ngoma tu.» Nikamwambia, «Koko, ungemuona!» Akajibu, «Ibrahim pia sikumuona siku ya kilio cha babu yako, lakini nilisikia jembe lake kaburini.» Sasa, Mama, hiyo ni sababu ya kuchagua deputé wa kwenda bungeni, kuchimba kaburi? Kura yake inaenda kupotea, na mimi naweza kuiokoa, na yeye hatajua kamwe nimefinya nani. Je, ni kosa?

Malaika, Kabambare

Malaika mwanangu,

Pole kwa usingizi. Ungelala vizuri na wazo kama hilo, ningeogopa zaidi.

Unasema «kuiokoa». Mwizi wa kuku naye husema alimuokoa kuku na chungu cha mwenyewe.

Unamupenda Nathanaël? Muchague. Kura yako unayo, hakuna wa kukuzuia, wala mimi. Lakini nikuulize: huyo Blaise, ambaye miezi mingine anazima groupe yake ya umeme katikati ya mechi mukikosa kuchanga mafuta, wiki hizi mafuta anapewa na nani? Na ile lami, ni ya wapi? Njia ya Kasongo kuja kwenu nimeipita juu ya pikipiki, na mahali pengi pikipiki ndiyo ilikuwa juu yangu, nikiisukuma ndani ya matope. Viatu vyeupe pale havimalizi kilima kimoja. Sisemi ni mwongo. Nasema akifika kwenu, muulizeni ataanza na daraja gani. Akitaja jina la mto, utakuwa umechagua kwa masikio pia.

Kuhusu Ibrahim sikudanganyi: kuchimba kaburi si kutunga sheria. Pengine naye atasinzia bungeni. Lakini Koko hakukuomba maoni, alikuomba kidole. Sababu ya mutu kuchagua haipimwi na mujukuu wake. Wengine wanachagua kwa viatu.

Hatajua, unasema. Ni kweli, na ndiyo maana ni vibaya. Mukitoka atakuuliza, «Umefinya?» Utajibu, «Ndiyo, Koko.» Na tangu hapo, kila utakapomwambia «kanyaga hapa, hakuna shimo», yeye atakanyaga, na wewe peke yako utajua neno lako lina uzito gani.

Basi fanya hivi, na uanze leo. Keti naye, umwambie wazi: «Koko, mimi namutaka Nathanaël.» Bishaneni mpaka muchoke. Akibadilika kwa maneno yako, hiyo ni kampeni halali, tena haikuhitaji mafuta. Asipobadilika, na wewe unajijua mkono wako utakataa, mwambie atafute mutu mwingine, hata kama utaona haya. Aibu ya leo utaizoea.

Lakini ukikubali kuingia naye, simama naye mbele ya mashini, mutajie kwa sauti ya chini nani yuko wapi, wote, hata Nathanaël. Halafu shika mkono wake, uupeleke pale alipokuambia, na uache kidole chake mwenyewe kifinye.